Bingwa wa Timboroa akishuka kisiwani: mbio ndefu za porini huendeshwaje?

Reli ya zamani inayoanzia Mombasa, ukiifuata ikapita Nairobi na Nakuru kuelekea Eldoret, kilele chake kiko karibu na Timboroa. Hapo imepanda zaidi ya mita 2,780 kutoka usawa wa bahari, na stesheni ya Timboroa ilisifika kuwa ya juu kuliko zote katika nchi za Jumuiya ya Madola. Ni mahali pa ukungu, misitu ya kupandwa, mashamba ya mbatata, na baridi inayomfanya mtu wa Mombasa akishuka kwenye matatu ajiulize kama kweli bado yuko Kenya. Na ni nchi ya wakimbiaji. Kuanzia hapo kwenda Burnt Forest, Ainabkoi mpaka Kaptagat, alfajiri utawakuta vijana wakikimbia kandokando ya barabara na ndani ya njia za msitu, pumzi zao zikitoka kama moshi.

Huku kwetu pwani, mtu akitaka kuandaa mbio zenye jina, neno la kwanza ni hilo: "Tulete wakimbiaji wa Eldoret." Halafu zinafuata zawadi, fulana, mgeni rasmi na kipaza sauti. Kwa mbio za barabarani za kilomita 10 mjini Mombasa, mpango huo unaweza kupita bila balaa. Lakini tuseme mtu anakuja na wazo kubwa zaidi, la mbio za masafa marefu katika kisiwa chenye pori na watu wachache, kama Manda kule Lamu. Njia ipite ufukweni, ikate vichaka, ipitie magofu ya Takwa, izunguke mikoko, irudi. Picha zitakuwa nzuri, hilo halina ubishi. Ila kazi ya kuziendesha mbio za namna hiyo ni nyingine kabisa, na ndiyo nataka kuieleza hapa. Ukiipanga kazi hiyo kwa mfuatano unaofaa, utaona bingwa wa Timboroa anaingia mwisho kwenye orodha. Wa kwanza ni mwenye mashua, mwenye punda, na mzee anayejua maji yanajaa saa ngapi.

Kwanza tutenganishe maneno, maana magazetini yanachanganywa. Mbio za nyika, zile tulizozizoea tangu shuleni, hukimbiwa kwa mizunguko kwenye uwanja wa nyasi au mahali wazi, na humalizika ndani ya dakika arobaini hivi. Mbio za porini ninazozisema hapa hufuata vijia vya asili: mlima, msitu, mchanga, mawe. Zinaweza kuwa kilomita 30, zinaweza kuwa 160. Humo kasi kwa kilomita haina maana kubwa, kwa sababu kilomita moja ya mteremko si sawa na kilomita moja ya matope. Waandaaji wa mbio hizi duniani wana hesabu yao nyepesi: kila mita 100 za kupanda huhesabiwa kama kilomita moja ya ziada ya tambarare. Manda haina mlima, kwa hiyo hesabu hiyo itakudanganya. Mzigo wa Manda ni mchanga laini, jua na chumvi, na hakuna aliyetunga hesabu ya hayo.

Mfano mkubwa wa mbio za kisiwani uko kwenye bahari hii hii yetu ya Hindi. Kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagascar, kimekuwa kikiandaa Grand Raid tangu 1989. Huanzia Saint-Pierre kusini usiku, hukata kisiwa kizima, na humalizikia Saint-Denis kaskazini. Ni zaidi ya kilomita 160, na jumla ya kupanda ni kama mita 10,000. Wa kwanza hufika baada ya takriban saa 23 au 24. Wa mwisho huruhusiwa zaidi ya siku mbili na nusu. Wenyewe wanaziita mbio za wendawazimu, na anayemaliza hupewa fulana iliyoandikwa kwamba amenusurika.

Sehemu inayotuhusu zaidi ni bonde la Mafate. Ni shimo kubwa katikati ya milima, halina barabara ya gari hata moja. Mamia kadhaa ya watu wanaishi humo, na vitu vyao huingia kwa miguu au kwa helikopta. Jina lenyewe linatokana na kiongozi wa watumwa waliotoroka mashamba ya pwani ya kisiwa hicho na kujificha milimani. Na watumwa wale wengi walitoka Madagascar na Afrika Mashariki. Katika karne ya 18 Mfaransa mmoja, Morice, aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupelekewa watumwa, mwaka 1776, kwa ajili ya visiwa hivyo vya Wafaransa. Kwa hiyo baadhi ya vijia ambavyo leo wakimbiaji wa Ulaya wanavilipia ada ya kuingia, asili yake ni miguu ya watu waliokuwa wakikimbia ili waishi, na huenda wengine walikuwa wa kwetu. Nimelitaja kwa sababu mtu akisema "njia ya porini" anadhani ni njia isiyo na mwenyewe. Hakuna njia ya namna hiyo, si Mafate, si Timboroa, si Manda.

Sasa turudi kwa mabingwa wa bara. Hakuna anayekataa uwezo wao milimani. Patrick Kipngeno alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za kupanda mlima mwaka 2022 kule Thailand, akarudia 2023 Innsbruck, Austria. Philemon Kiriago alishinda Sierre-Zinal ya Uswisi mwaka 2023, kilomita 31 za vijia vya Alps. Vijana hawa walifungua mlango ambao kwa miaka mingi Wakenya hawakuugonga, maana fedha ilikuwa kwenye marathoni za barabarani. Lakini angalia hizo mbio: ni za saa moja, mbili, mbili na nusu, kwenye hewa ya baridi. Kisiwa cha pwani ya Afrika Mashariki saa tano za asubuhi ni dunia nyingine.

Mwaka 2007 tulijionea wenyewe. Tarehe 24 Machi, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa, kwenye uwanja wa gofu pale kando ya bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ametawala mbio hizo tangu 2002, aliongoza halafu kwenye mzunguko wa mwisho akaacha njia. Hakumaliza. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda, Moses Mosop wa pili, Bernard Kipyego wa tatu. Upande wa wanawake alishinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akikimbilia Uholanzi. Wakimbiaji wengi walianguka au wakaacha kwa sababu ya joto na unyevu. Na zile zilikuwa kilomita 12 tu kwa wanaume, madaktari wakiwa hatua chache na Hospitali ya Makadara ikiwa ng'ambo ya barabara chache. Fikiria joto lile lile, kilomita ya 25, upande wa Manda unaotazama bahari kuu.

Kwa nini mtu wa Timboroa, mwenye mapafu tunayoyasifu, ateseke? Kule juu mgandamizo wa hewa uko chini kidogo ya robo tatu ya ule wa hapa baharini. Mwili wake umejibu kwa kutengeneza chembe nyekundu nyingi za damu ili kubeba oksijeni. Akishuka pwani, oksijeni ni tele na damu yake bado ni nzuri. Hiyo ni faida ya kweli, na inakaa naye wiki kadhaa. Lakini injini nzuri ikiongezewa moto inahitaji maji ya kuipoza. Mwili hupozwa na jasho linapokauka. Pwani hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka tu halikauki, na jasho lisilokauka halipozi kitu. Juu ya hapo, mwili ambao umezoea baridi ya asubuhi za Timboroa haujafundishwa kutoa jasho mapema na kubana chumvi. Mafunzo hayo huchukua siku kama 7 hadi 14 za kufanya mazoezi ndani ya joto lenyewe. Hakuna dawa ya kuyafupisha.

Anayemleta mkimbiaji kwa basi la Ijumaa usiku ili akimbie Jumapili asubuhi, basi, anamhatarisha. Na bingwa ndiye hatarini zaidi kuliko mtu wa kawaida, kwa sababu yeye anajua kujilazimisha. Mimi na wewe miguu itagoma, tutakaa chini ya mkwaju. Yeye amefundishwa tangu utotoni asisikilize miguu, na nyumbani kuna watu wanasubiri zile fedha.

Maji ya kunywa na maji ya bahari

Manda ina watu wachache kwa sababu moja kuu: maji matamu ni shida. Watu wa Takwa waliuhama mji wao karne ya 17, na moja ya sababu zinazotajwa ni visima kuingia chumvi. Jamaa zao wa Shela wana kumbukumbu ya uhusiano huo mpaka leo. Wachonga mawe wa Maweni na wakazi wengine wa kisiwa hicho wanaishi kwa maji ya mvua na ya kuletwa na mashua. Katika visiwa vyote vile, jabia ni mali kuliko dhahabu.

Tupige hesabu ndogo. Wakimbiaji 150. Wengi watakuwa njiani saa 7. Kila mmoja anywe wastani wa nusu lita na kidogo kwa saa, tuseme lita 0.6. Hiyo ni lita 630 za kunywa peke yake. Ongeza ya kujimwagia kichwani, ya wanaofanya kazi vituoni, ya kupikia, ya kuoshea majeraha, utapata kama maradufu: lita 1,260. Ni madumu 63 ya lita 20. Punda akibeba mawili, ni safari 32 za punda mchangani, na hatujahesabu maji ya punda mwenyewe. Haya yote yafike vituoni kabla ya mkimbiaji wa kwanza, na yabaki mpaka wa mwisho. Kosa la kawaida katika mbio zinazoandaliwa na wageni wa kazi hii ni kwamba walio mbele hunywa na kuoga, walio nyuma, ambao wako juani muda mrefu zaidi, wanakuta madumu matupu.

Na maji hayo yasichotwe kwenye jabia la kijiji. Nalisema waziwazi kwa sababu siku ya shughuli, kituo kikikauka, mtu wa kwanza atakayeombwa ni mama mwenye jabia, na kwa heshima zetu hatakataa. Atatoa ya watoto wake.

Kisha bahari. Hapa mwandaaji wa kutoka bara, hata awe ameandaa mbio ngapi Eldoret, hana budi kukaa chini afundishwe. Wakati wa bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji ya pwani hii hujaa karibu na saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni, na hupwa sana karibu na saa nne asubuhi. Kwa mkimbiaji hilo ni jambo zuri mwanzoni: akianza saa kumi na mbili asubuhi, maji yanarudi nyuma mbele ya macho yake na kumwachia mchanga mgumu wa kukimbilia mpaka saa tano. Lakini baada ya hapo maji yanapanda tena, ufukwe unapungua, na aliye nyuma anasukumwa juu kwenye mchanga laini, saa saba mchana, jua likiwa utosini. Bahari inawapa wa mbele barabara na inawapa wa nyuma adhabu. Kwa hiyo saa ya kufunga kituo kwenye sehemu ya ufukweni isipangwe kwa kubahatisha wala kwa kunakili mbio za Ulaya. Ipangwe kwa maji.

Takwa ina kitendawili chake. Mkono wa bahari unaoingia ndani ya mikoko mpaka karibu na magofu hupitika kwa mashua maji yakijaa tu. Ukiweka kituo cha huduma Takwa siku ya bamvua, wahudumu na madumu lazima waingie na maji ya alfajiri, na mashua itarudi kuwachukua alasiri. Katikati ya hapo, saa zile hasa ambazo mtu anaweza kuanguka, mashua haifiki. Kwa hiyo pale awepo tabibu, siyo kijana wa fulana tu. Au njia ya kumtoa mgonjwa iwe kwa machela mpaka ufukwe wa upande wa pili, na iwe imejaribiwa na watu wanne wenye mzigo wa kilo 70, saa zikihesabiwa. Mwandaaji akichagua siku za maji mafu, bahari hujaa karibu na saa nne asubuhi, lakini hujaa kidogo, na ufukwe haukauki vile. Hakuna siku inayotoa yote mawili. Unachagua hatari unayoweza kuisimamia.

Majira nayo yana vipingamizi vyake. Kaskazi ya Januari hadi Machi bahari ni tulivu, lakini ndio wakati wa joto kali kabisa. Masika huondoa Aprili mpaka Juni. Julai na Agosti kuna ubaridi kidogo, mwili utashukuru, ila kusi inavuma na mashua haiwezi kusogea kwa salama upande wa Manda unaotazama bahari kuu, kwa hiyo uokoaji wote utategemea upande wa ndani. Kuanzia katikati ya Septemba upepo unapungua, na kabla ya vuli kushika kasi kuna wiki chache nzuri. Toa Ramadhani, haihitaji maelezo. Toa pia siku za Maulidi ya Lamu, mfungo sita, kwa sababu mashua, punda na vyumba vyote vina wenyewe.

Kuhesabu watu

Tarehe 22 Mei 2021, mkoa wa Gansu nchini China, mbio za porini za kilomita 100 zilianza asubuhi na wakimbiaji 172. Walikuwamo mabingwa. Mchana hali ya hewa ikageuka: upepo mkali, mvua ya barafu. Sehemu ngumu kabisa ya njia, mlima kati ya kituo cha pili na cha tatu, haikuwa na barabara wala pa kujificha, na koti la kuzuia upepo halikuwa lazima kulibeba. Watu 21 walikufa, akiwemo Liang Jing, mmoja wa wakimbiaji wa masafa marefu waliosifika zaidi China. Walio mbele ndio waliokufa, kwa sababu walikuwa wamefika mbali zaidi. Sita waliokolewa na mchunga kondoo, Zhu Keming, aliyewaingiza kwenye pango lake akawasha moto.

Kule tatizo lilikuwa baridi. Timboroa ingekuwa hivyo pia: mvua ya mawe jioni, kijana mwenye fulana na kaptura, kilomita kumi ndani ya msitu. Kwetu ni joto. Lakini kasoro ni ile ile, na haihusu hali ya hewa peke yake. Ni kituo kimoja kutojua nani ametoka kingine.

Mbio za porini zinazoendeshwa vizuri zina kazi moja ya kuchosha ambayo haionekani kwenye picha. Kila kituo kina mtu mmoja mwenye kalamu, na kazi yake ni namba. Namba 47 ilitoka kituo cha pili saa mbili na dakika kumi, ilipaswa kufika cha tatu kabla ya saa tatu na nusu, haijafika, mtu anatumwa kuanzia pande zote mbili. Simu za mkononi zina mapengo ya mtandao nyuma ya vichaka vya Manda, kwa hiyo redio za mkononi zinahitajika, kama zile za walinzi. Nyuma ya mkimbiaji wa mwisho hutembea watu wawili wakikusanya alama za njia na kuhakikisha hakuna aliyelala chini ya kichaka. Mpaka hao wawili wafike mwisho, mbio hazijaisha, hata kama mgeni rasmi ameshakwenda zake kula pilau. Kila mkimbiaji abebe lita moja na nusu ya maji, kofia, firimbi, chumvi kidogo na simu. Asiye navyo asianze, hata akiwa bingwa wa dunia.

Mbio za Lewa huko Laikipia na Meru, zinazofanyika ndani ya hifadhi tangu mwaka 2000, zinaonyesha kwamba Kenya kazi hii inawezekana. Pale hatari ni simba, vifaru na ndovu, na askari wa hifadhi pamoja na ndege huitazama njia yote. Sisi hatuna simba Manda. Tuna nyoka, jua na maji, na jua halifukuzwi kwa helikopta.

Mtu akipigwa na joto, dalili si uchovu tu. Anaanza kuropoka, anayumba, hajui yuko wapi, ngozi inaweza kuwa bado ina jasho. Mwili umepita nyuzi 40 za ndani. Hapo kanuni ya madaktari wa michezo ni kumpoza kwanza, kumsafirisha baadaye. Atumbukizwe mwili mzima kwenye maji ya barafu pale pale, kichwa kikishikiliwa juu. Kwenye mbio za ufukweni za Falmouth kule Marekani, wagonjwa 274 wa namna hii walitibiwa hivyo katika miaka 18, na hakufa hata mmoja. Anayepakiwa kwenye boti moto moto kupelekwa Hospitali ya King Fahd mjini Lamu, kivuko na kupandishwa gatini kukichukua dakika 40, ubongo wake unapikika njiani. Na barafu tunayo: ile ile ya wachuuzi wa samaki. Turubali gumu likishikwa pembe na watu sita, likitiwa maji na barafu, linatosha. Kila kituo kiwe na lake, na watu sita waliofanya mazoezi.

Kinyume chake nacho kinaua. Mtu anayekimbia polepole akanywa maji matupu kila anapoyaona huipunguza sodiamu ya damu mpaka anachanganyikiwa, na dalili zake zinafanana na za joto. Katika marathoni ya Boston ya 2002, wakimbiaji 488 walipopimwa damu mwishoni, asilimia 13 walikuwa na upungufu huo. Kwa hiyo "kunywa sana" si ushauri mzuri. Kunywa ukiwa na kiu, na vituoni kuwe na kitu chenye chumvi. Mhogo wa kuchemsha wenye chumvi, kachiri, ndimu na chumvi, tende: havina haja ya kuagizwa kutoka nje kwenye vipakiti.

Ruhusa za karatasi na zisizo za karatasi

Karatasi zinajulikana: Riadha Kenya, kaunti, polisi, Makumbusho ya Taifa kwa ajili ya Takwa, Huduma ya Wanyamapori panapohusika hifadhi. Huko Timboroa ungeenda Huduma ya Misitu. Lakini zipo ruhusa ambazo hazina fomu.

Matuta ya mchanga ya Shela, kwa mfano, yanapendeza kwenye picha, na mwandaaji yeyote atatamani yawe mwanzo wa mbio, kisha watu wavushwe kwenda Manda. Matuta yale ndiyo chujio na hazina ya maji ya visima vinavyolisha mji wa Lamu. Majani machache yaliyoyashika yakikanyagwa na miguu mia tatu, mchanga unahama. Rai yangu ni kwamba pale pasipitishwe mbio kabisa, hata kwa ada kubwa. Kasa nao hutaga kwenye fukwe za Lamu na Manda, na watoto wa kasa hufuata mwanga kwenda baharini. Tochi 150 za kichwani zitawapeleka porini. Hiyo ni sababu tosha ya kutokimbia usiku.

Ipo na sababu nyingine ya usiku. Baada ya mashambulizi ya 2014, wavuvi wa Lamu walikatazwa kwa miaka kuvua usiku, na familia zilizotegemea taa na jarife zililala njaa. Vyombo vya usalama vikimruhusu mgeni mwenye viatu vya rangi kukimbia ufukweni saa tisa usiku, mvuvi atakumbuka. Anayetaka kuandaa mbio hizi akae kwanza na vikundi vya wavuvi vya ufukweni, kabla ya kuchapisha bango.

Fedha zifuate kazi ile ile. Tazama orodha ya waliotajwa humu: manahodha, wenye punda, wauza barafu, kina mama wa mihogo, wachonga mawe wanaojua kila kijia cha Manda, matabibu. Hao walipwe kwa mkataba na nusu ya malipo itangulie. Kuwaita "wajitoleaji" huku mshindi akipewa hundi ya ukubwa wa mlango ni namna ya kuanza vibaya na wenyeji. Wajitoleaji wa kweli watakuwepo, wanafunzi na vijana, nao wapate chakula, maji na nauli ya mashua.

Na mkimbiaji wa Timboroa? Aje, tena tunamtaka, lakini aje wiki mbili kabla. Gharama ya siku hizo 14, chumba na chakula, iingie kwenye bajeti kama inavyoingia zawadi, hata kama maana yake ni kuwaalika watano badala ya ishirini. Siku za mwanzo akimbie dakika 30 asubuhi, kisha 45, kisha saa nzima kuelekea mchana, apimwe uzito kabla na baada ili ajue jasho lake ni kiasi gani. Jioni awe na vijana wa Shela na Maweni ufukweni, awafundishe anavyopandisha mlima, nao wamfundishe kusoma mchanga: upi umebana na upi utammeza mguu. Siku ya mwisho kabla ya mbio apelekwe na mashua, maji yakiwa yamejaa, aione njia ya kutokea Takwa.